Kasri la Chenonceau lilikuwa la nani hasa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimeona picha ya kasri la Chenonceau kule Ufaransa, lile lililojengwa juu ya mto kama daraja. Maelezo yake yalisema mfalme alimpa hawara wake, halafu malkia akampokonya. Mimi kazi yangu ni hati za ardhi, kwa hiyo nimebaki najiuliza: kisheria ilikuwa nyumba ya nani? Na ilipitaje mikono mingi namna hiyo bila kubomolewa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengine huniuliza habari za wivu tu. Wewe umeuliza hati, na hati ndiyo yenye utamu.

Mwaka 1513 Thomas Bohier, ofisa wa hazina ya wafalme wa Ufaransa, alinunua mahali hapo kando ya mto Cher kutoka kwa ukoo wa Marques uliolemewa na madeni. Akabomoa ngome yao, akaacha mnara mmoja ambao ungalipo. Bohier mwenyewe alikuwa kila mara yuko Italia na vita vya wafalme, hivyo aliyesimama na mafundi ni mkewe, Katherine Briçonnet. Ngazi ya ndani iliyonyooka, badala ya kuzunguka kama konokono, ilikuwa miongoni mwa za kwanza Ufaransa. Bwana alifariki mwaka 1524, bibi mwaka 1526. Hapo ndipo hesabu za marehemu zilipofukuliwa, ikaonekana hazina inamdai. Dawa ya deni kulipa: mwaka 1535 mwanawe Antoine akamkabidhi Mfalme François I nyumba ya wazazi wake.

Mwaka 1547 Henri II akarithi ufalme, akampa hawara wake, Diane de Poitiers, kasri hilo. Diane alimzidi mfalme umri kwa takriban miaka 20, na akili ya mali alikuwa nayo. Alijua mali ya taji haigawiwi moja kwa moja. Mfalme akifa, anayefuata anaweza kuidai. Basi akaingia mahakamani. Baada ya miaka ya mashauri, yale makabidhiano ya Antoine yakabatilishwa, kasri likarudishwa kwa ukoo wa Bohier kwenye karatasi, kisha likauzwa, na mnunuzi akawa Diane mwenyewe. Mwaka 1555 likawa lake kwa kununua, si kwa kupewa. Mimi kila nikisoma sehemu hii humvulia kofia wakili wake.

Ndiyo maana Mfalme Henri alipojeruhiwa kwa mkuki katika mchezo wa farasi na kufariki Julai 1559, mjane wake Catherine de' Medici hakuweza kulitwaa kasri kama mali ya taji. Alichofanya ni kumlazimisha Diane wabadilishane: achukue kasri la Chaumont, aache Chenonceau. Kwa hiyo lile neno "akampokonya" lifute. Ni mabadilishano, ingawa mmoja wao hakuwa na hiari. Diane hakung'ang'ania Chaumont. Alimalizia maisha yake kwenye kasri lake la Anet.

Daraja lenyewe ni la Diane, kazi ya msanifu Philibert de l'Orme. Ukumbi ulio juu yake, wenye urefu wa mita 60, ni wa Catherine. Unaona? Picha yako ina mahasimu wawili, mmoja kapanda mgongoni mwa mwenzake.

Catherine alifariki mwaka 1589, akamwachia mkwewe Louise wa Lorraine kasri pamoja na madeni. Mwaka huohuo mumewe Louise, Mfalme Henri III, mwana wa Catherine, aliuawa. Bibi huyo akavaa nguo nyeupe za eda ya kimalkia na kukaa katika chumba kilichopakwa rangi nyeusi. Karne iliyofuata naipita, haina jipya.

Mwaka 1733 alinunua Claude Dupin, tajiri wa kukusanya kodi. Mkewe Louise aliwahi kumwajiri mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau kuwa karani wake. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalipokuja, mjane huyu mzee hakukimbia. Inasimuliwa kwamba daraja ndilo lililoliokoa kasri lisibomolewe: watu walilihitaji kuvukia mto. Kanisa dogo la ndani nalo liliponea kwa kufanywa stoo ya kuni. Alifariki mwaka 1799.

Deni halikukoma. Marguerite Pelouze alinunua mwaka 1864, akalikarabati kwa pesa nyingi mpaka akafilisika na benki ikalikamata. Mwaka 1913 likaingia kwa ukoo wa Menier, watengeneza chokoleti, na hati iko kwao mpaka leo. Katika Vita Kuu ya Kwanza waligeuza ukumbi wa Catherine kuwa hospitali ya majeruhi. Katika ile ya Pili, mto Cher ulikuwa mpaka: mlango wa mbele ulikuwa upande uliokaliwa na Wajerumani, mlango wa mwisho wa ukumbi ukafungukia upande huru. Wapo waliotorokea humo.