Dokta, kahawa inatuliza mtoto mtukutu?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 7, yuko la kwanza, hatulii kabisa, mwalimu kaniita mara mbili muhula huu, juzi kapanda juu ya dawati wenzie wanaandika. Dada angu yuko Marekani kaniambia nimpe kahawa, eti inawatuliza. Nimempa siku tatu, kikombe asubuhi na kingine akirudi shule, darasani wanasema kakaa kidogo ila usiku saa sita yuko macho anarukaruka kitandani. Niendelee? Mama J, Tanga.

JIBU: Marahaba mama J. Acha kwanza, hasa hicho cha mchana.

Dada yako hajakudanganya, hilo wazo ni la zamani, mwaka 1973 daktari mmoja wa Marekani, Schnackenberg, aliandika kwamba kahawa inaweza kushika nafasi ya dawa za watoto wa aina hiyo. Na usishangae, hata Ritalin, dawa wanayopewa watoto wa aina hiyo, ni ya kuchangamsha, inaongeza dopamini, kemikali moja ya kwenye ubongo, ndo mtoto anapata kujizuia. Kafeini, ile ya kwenye kahawa inayochangamsha, kazi yake kubwa ni kuzuia adenosini, ile inayoleta usingizi. Sasa madaktari wengine walipokuja kupima, mtoto huyu kapewa kafeini huyu kidonge kisicho na dawa ndani, mara nyingi tofauti ilikuwa ndogo au haipo, na Ritalin ikaiacha mbali.

Halafu piga hesabu. Ulaya mwaka 2015 wataalamu wa usalama wa chakula walisema mtoto asizidi miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo yake kwa siku, wa kwako tuseme ana kilo 20, basi ni 60. Kikombe kikubwa cha kahawa kinafika 95 hivi, wewe umempa viwili, na chai ya rangi na soda ya kola hujanitajia (najua zipo). Ya mchana ile, mpaka usiku bado imo mwilini. Na mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kama sisi wakubwa, yeye kesho yake ndo anazidi kukimbia, kwahiyo unaweza kuwa unautengeneza mwenyewe huo utukutu unaoutibu.

Mpe wiki mbili bila kahawa wala kola, alale saa mbili usiku, uone. Akiwa vilevile mpeleke kliniki ya watoto, na umwombe mwalimu akuandikie anachokiona darasani, maana ADHD, yaani tatizo la mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, haithibitishwi kwa vurugu za shule peke yake, lazima ionekane na kwingine pia, kama nyumbani, na iwe imedumu miezi 6. Bibi yake kama anashinda nae nenda nae, ataulizwa maswali mengi kuliko wewe.