Mstari wa zamani kwanza

Dada mmoja wa Barani, hapa Malindi, ameniandikia kwa uchungu. Kikundi chao cha akina mama kilihifadhi Zaburi 23 kabla ya Pasaka, wakaisema mbele ya kanisa, vigelegele vikapigwa. Juzi matangani wakaombwa waiseme tena. Wakafika "gongo lako na fimbo yako vyanifariji," na hapo kila mmoja akamtazama mwenzake. Anauliza kama umri wao wa mambo haya umeshapita.

Haujapita, dada yangu. Zaburi imewaponyoka kwa sababu tangu Pasaka hamkuirudia, na kwa sababu pale mlipokwama pana mtego ambao hamkuoneshwa. Nianze na mtego.

Mistari mitatu ya kwanza humtaja Mungu kama anayesimuliwa: hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Katikati ya mstari wa 4 Daudi anageuka na kumsemesha mwenyewe: "Wewe upo pamoja nami." Kisha wa 5 unafunguka kwa "Waandaa meza mbele yangu." Wengi huisikia "waandaa" kama habari ya watu fulani wanaoandaa, na mawazo yanakatika. Maana yake ni "wewe unaandaa", vilevile tunavyoulizana huku Pwani "wataka nini?" Mama akishajua kwamba Daudi bado anazungumza na yuleyule mwenye gongo, ulimi unapita bila kushikwa mkono.

Kila kifungu kina mahali kama hapo. Kiongozi apatafute kabla ya siku ya kukutana, penseli mkononi. Katika Zaburi 121, mstari wa 7 na wa 8 yote miwili huanza na "BWANA atakulinda," kwa hiyo aliyechoka huruka kutoka mmoja hadi mwingine na kumaliza kabla ya wenzake. Wapeni mikono kazi: kwenye "mabaya yote" kiganja mbele, kwenye "nafsi yako" mkono kifuani, kwenye "utokapo na uingiapo" kidole kielekee mlangoni. Kwa 1 Wakorintho 13:4-7 tumieni vidole. Yanatangulia mawili ya "hu-", huvumilia na hufadhili. Yanafuata manane ya kukanusha, kuanzia "hauhusudu" hadi "haufurahii udhalimu". Halafu "bali hufurahi pamoja na kweli", na mwisho manne yenye "yote". Anayehesabu hapotei humo.

Tafsiri iwe moja. Hili halina mjadala. Mwenye Biblia ya Union Version, ile iliyokamilika mwaka 1952, ataanza "BWANA ndiye mchungaji wangu". Mwenye Habari Njema ataanza "Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu," na sauti zimeshaachana kabla mstari haujaisha. Ushauri wangu ni Union, kwa sababu ndiyo ambayo masikio ya wengi yamekwisha kuizoea harusini na mazikoni. Lakini isomeni ilivyo. Imeandikwa "bonde la uvuli wa mauti", na watu wengi husema "kivuli cha mauti". Sahihisheni siku ya kwanza, maana kosa lililohifadhiwa na watu kumi kwa pamoja ni gumu mno kulitoa. Kama wazee wenu husali kwa Kigiriama, wao wawe na kikundi chao na Biblia yao ya Kigiriama. Kuwachanganya ni kuwanyima.

Sasa mkutano wenyewe. Dakika arubaini zinatosha, na watu wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, wavivu wanajificha nyuma ya sauti za wengine. Dakika kumi na tano za mwanzo ni za vifungu vya zamani, bila kufungua kitabu. Watu wanapenda kuanza na kipya kwa sababu kipya kina msisimko, na la zamani linabaki la mwisho, muda umekwisha, mtoto analia, mvua inakuja. Hapo ndipo Neno linapopotea. Pitieni mitaa ya mji huu msikilize watoto wa chuoni, yaani madrasa, wakihifadhi Kurani: mwalimu hampi mtoto sehemu mpya mpaka ile ya jana imekaa. Majirani zetu Waislamu wanalijua hilo tangu kale, na sisi hatuna sababu ya kuona haya kujifunza kwao.

Dakika kumi zinazofuata ni za mstari mpya, mmoja au miwili, usizidi. Ukateni kwa pumzi. Washairi wa Lamu walitunga tenzi kwa vipande vya mizani minane, na ndiyo maana asiyejua kusoma aliweza kuubeba utenzi mzima kichwani. Maandiko hayana mizani sawa, lakini yanakatika vivyo hivyo: "Nitayainua macho yangu / niitazame milima / msaada wangu utatoka wapi?" Kiongozi atoe kipande, kikundi kipokee, mara tatu. Kisha vipande viwili vishikanishwe, mara tatu. Kisha mstari mzima. Mtu asiangalie kitabu wakati huu. Akiangalia, jicho linafanya kazi ya moyo. Wasiojua kusoma huwa mbele ya wenzao katika hatua hii, nao wapewe nafasi ya kuongoza.

Dakika kumi ni za jozi, na hapa ndipo kazi hasa ilipo. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza huku ameshika kitabu. Msemaji akikwama, msikilizaji ahesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumpa neno, tena neno moja tu. Ile haraka ya kumkatiza mwenzako na kumalizia mstari ni kujionesha, wala haimsaidii. Akishapewa, arudi mwanzo wa mstari uliotangulia, asiendelee palepale. Sababu ni kwamba watu hukwama kwenye viungo, mwisho wa mstari huu na mwanzo wa ule, na kiungo hakikazwi mpaka kivukwe tena. Siku nyingine anzeni na mstari wa mwisho mrudi nyuma, kwa kuwa mwanzo hurudiwa kila mara na mwisho hubaki dhaifu.

Dakika tano zilizobaki, semeni wote pamoja, kisha muombe.

Kwa nyumbani, kadi ya manila yenye herufi ya kwanza ya kila neno. Zaburi 23 itaanza hivi: B n m w, s n k. Andikeni kwa biro. Kalamu ya wino wa maji hutawanyika kwa jasho la mfukoni. Kadi ya maneno kamili haisaidii sana, kwa sababu mtu huisoma badala ya kukumbuka.

Baada ya kifungu kukaa, kisemeni kila siku kwa wiki moja, mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, kisha kila mwezi bila kuacha. Zaburi 121 nzima, ikisemwa polepole, huchukua dakika moja hivi. Mtu anaimaliza akingoja maji ya chai yachemke. Kila wiki ya tano msiongeze kitu.

Mkitaka kifungu kirefu, angalieni kalenda ya hapa. Warumi 8 ina mistari 39. Kwa miwili kila wiki, pamoja na wiki za kupumzika, ni wiki 25. Anzeni Mei, wakati hoteli nyingi zimepunguza watu na ndugu wako nyumbani, mtamaliza Oktoba kabla wageni hawajajaa. Anayefanya zamu za usiku atumiwe mstari kwa sauti kwenye WhatsApp, naye arudishe sauti yake, si emoji.

Niseme na hili, kwa sababu linaniuma. Acheni mashindano ya zawadi. Mtoto mmoja anaondoka na Biblia mpya, ishirini wanaondoka na aibu, na wiki ya pili hata mshindi amesahau. Zaburi 119:11 inasema neno limewekwa moyoni "nisije nikakutenda dhambi." Hakuna kombe pale. Mchungaji anayetaka kuwatia watu moyo aje akae kwenye jozi, asikilizwe na mama muuza mboga, akwame, apewe neno moja, arudi nyuma kama wengine.

Kwa kikundi cha Barani: Jumatano hii msifungue kitu kipya. Chukueni mstari wa 4 na wa 5 peke yake, semeni kiungo chake mara kumi, "vyanifariji, waandaa meza," mpaka kitoke bila kufikiri. Wiki ijayo Zaburi yote, jozi kwa jozi. Kila mmoja akiisema mara tatu bila kadi, ndipo Zaburi 121 ifunguliwe, mistari miwili ya kwanza tu.