Maswali ya Wasomaji: Kusoma na Kuandika katika Mtihani wa Kiingereza cha Biashara

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu mtihani wa Cambridge wa Kiingereza cha biashara wa ngazi ya B2 (kiwango cha kati cha juu), yaani B2 Business Vantage, ambao wengi bado wanauita BEC Vantage. Tumechagua zile zinazogusa karatasi za Kusoma na Kuandika. Kila karatasi ina robo ya alama zote, kwa hiyo hizi mbili ni nusu ya mtihani.

Saa moja ya Kusoma hainitoshi. Nikifika sehemu ya tatu tayari dakika arobaini zimekwisha. Nifanyeje? (Ofisa mauzo, Mwanza)

Karatasi ina maswali 45 katika sehemu tano, na majibu lazima yawe kwenye karatasi ya majibu ndani ya saa hiyo hiyo. Hakuna dakika za ziada za kunakili. Jaribu mgawanyo huu: dakika 10 sehemu ya kwanza, 12 ya pili, 15 ya tatu, 10 ya nne, 10 ya tano, na 3 za kukagua. Dakika za sehemu zikiisha, jaza jibu unalolidhania na usonge mbele. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, lakini pengo lililoachwa tupu halina hata bahati.

Tunahisi muda wako unapotelea sehemu ya kwanza. Pale unapewa matini manne mafupi na sentensi saba, na unatafuta kila sentensi ni ya matini gani. Wengi husoma matini yote kwa makini, kisha sentensi, kisha wanarudi tena kwenye matini. Anza na sentensi zote saba, pigia mstari wazo la kila moja, ndipo usome matini moja moja huku ukiokota zinazolihusu.

Jihadhari na neno linalofanana. Sentensi ikisema kampuni inakusudia kupunguza idadi ya "suppliers", neno hilo huenda likatokea katika matini A yanayozungumzia bei, wakati jibu liko matini C panaposemwa "we shall be buying from three firms instead of nine", bila "supplier" wala "reduce". Watunzi hufanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu wanapima kama umeelewa au umeona tu.

Sehemu ya pili ina matini yenye mapengo matano ya sentensi, na katika orodha inabaki sentensi moja isiyo na mahali. Soma sentensi iliyo kabla ya pengo na ile ya baada yake. Wengi husahau ya baada, na ndiyo mara nyingi yenye "this", "such costs" au "as a result" inayodai kitu kiwe kimeshatajwa.

Sehemu ya tano ya Kusoma inanimaliza. Ni mistari 12, natakiwa nione neno lililozidi, na sipati zaidi ya tano. Sarufi nimeisoma sana. (Karani wa kampuni ya kutoa mizigo, Mombasa)

Kaka, tatizo lako huenda si sarufi ya Kiingereza. Ni kwamba masikio yako yamezoea Kiswahili, na baadhi ya maneno yanayozidi katika sehemu hii ni yale ambayo Kiswahili kinayahitaji. Ukisoma "The manager he approved the budget", sikio halishtuki, kwa sababu katika "meneja aliidhinisha" kile kiambishi "a-" kipo. Kiingereza kikishamtaja meneja hakimrudii, na "he" imezidi. "The goods which we ordered them last month" nayo inapita bila kugutusha mtu anayesema "bidhaa tulizoziagiza", maana "-zi-" iko pale pale. Jibu ni "them". Na sisi husema "ingawa mauzo yalishuka, lakini faida ilipanda". Mstari wa "Although sales fell, but profits rose" una "but" isiyotakiwa.

Kundi la pili ni vihusishi tulivyovizoea maofisini mpaka vikaonekana halali: "discuss about", "despite of", "comprise of", "emphasise on". Katika Kiingereza sanifu vitenzi "discuss", "comprise" na "emphasise", pamoja na "despite", huenda moja kwa moja kwenye jina.

Sasa namna ya kusoma. Usichunguze mstari mmoja kana kwamba ni sentensi. Sentensi huanzia mstari wa 35 ikaishia wa 37, na neno linaloonekana sawa ndani ya mstari wake huonekana limezidi ukifika kwenye nukta. Kwa hiyo soma sentensi nzima kwa sauti ya moyoni, kisha rudi mstari kwa mstari. Kila unapokuta "it", "them", "which", "of", "been", "to" au "the", lifunike kwa kidole: sentensi ikisimama vizuri bila hilo neno, umelipata. Ikianguka, liache.

Mambo mawili ya utaratibu yanayopoteza alama za bure: kila mstari una neno moja tu lililozidi au hauna kabisa, na usio na kosa huandikiwa CORRECT. Neno lenyewe liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya majibu.

Na kwa kuwa umetaja sarufi, sehemu ya nne ya kuchagua neno katika mapengo 15 ndiyo mahali ambapo Kiswahili kinakusaidia. Wanafunzi wengi duniani huchanganya "rise" na "raise", "borrow" na "lend". Wewe unazo kupanda na kupandisha, kukopa na kukopesha. Ukiona pengo, jiulize kwanza ungesema lipi kati ya hayo mawili. Penye "fanya" ndipo uwe macho, maana Kiingereza kinaligawa: "make a profit", "make a decision", lakini "do business". Hayo yanakaririwa pamoja na jina lake, kamwe si kitenzi peke yake.

Katika Kuandika niliandika barua nzuri ya maneno 210, mwalimu akanipa alama ndogo. Je, kuandika zaidi ni kosa? (Katibu muhtasi, Dodoma)

Dada, msahihishaji hakai akihesabu maneno ili akukate. Lakini anatazama mambo manne: maudhui, kama maandishi yanamfaa anayeandikiwa, mpangilio, na lugha. Maneno 210 pale palipoombwa 120 hadi 140 maana yake kuna mambo yasiyoulizwa, na msomaji wa ofisini amecheleweshwa kupata alilohitaji. Na kila sentensi ya ziada ni nafasi nyingine ya kukosea.

Karatasi ni ya dakika 45. Kazi ya kwanza ni ujumbe wa ndani ya kampuni, maneno 40 hadi 50. Ya pili ni barua, ripoti au pendekezo, maneno 120 hadi 140. Ya pili ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza, kwa hiyo dakika 15 kwa 30 ni mgawo wa haki.

Kwa kazi ya kwanza tuchukue mfano tuliotunga. Wewe ni msimamizi wa ghala. Waandikie watu wa mauzo uwaambie ghala kuu litafungwa lini, kwa nini, na oda za haraka wafanyeje. Jibu:

"Dear all, The main warehouse will be closed on Friday 14 March for the annual stock count. No goods can leave the building on that day, so please send any urgent orders to me by 4 p.m. on Wednesday. We will reopen as usual on Saturday morning. Thank you."

Ni maneno 49. Hoja zote tatu zimo, na hakuna salamu ndefu. Angalia pia saa: aliyetaka kusema saa kumi jioni ameandika 4 p.m. Kosa la kuandika 10 p.m. hutokea zaidi unapokuwa na haraka, na hapo oda zitaletwa usiku! Ukishaandika saa yoyote, ikague mara ya pili.

Kazi ya pili huja na karatasi iliyoandikwa vidokezo vya mkono pembeni: tangazo, jedwali, barua pepe. Agizo husema utumie vidokezo vyote. Vihesabu. Vikiwa vinne, kila kimoja kipe maneno kama 25, hiyo ni 100. Ufunguzi 15, hitimisho 15, jumla 130. Weka alama ya vema kwenye kila kidokezo unapokimaliza. Kidokezo kimoja kikisahaulika, lugha nzuri kiasi gani haitarudisha alama za maudhui.

Kisha fungua barua Kiingereza kinavyofungua. Shuleni na serikalini tumezoea "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na wengi huandika "Refer to the heading above". Msahihishaji hataielewa. Sema sababu mara moja: "I am writing to complain about the delay in our order of 3 May." "Naomba unitumie" nayo isiwe "I am requesting you to send me", "Could you please send me" ni ya heshima na fupi zaidi. Ukianza na "Dear Sir or Madam" malizia "Yours faithfully". Ukianza na jina, "Dear Ms Clark", malizia "Yours sincerely". Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubalika, mradi usizichanganye.

Ripoti haihitaji "Dear" wala saini. Kichwa, kusudi katika sentensi moja, uliyoyaona, kisha pendekezo. Na meneja anayetajwa kwa jina, hakikisha "he" na "she" havibadilikibadiliki kati ya aya. Yeye yetu haina jinsia, kwa hiyo kosa hili hutuponyoka kirahisi.

Nifanye Vantage au ile ya chini yake? (Mhasibu, Muscat)

Fanya karatasi ya mfano; Cambridge huziweka bure kwenye tovuti yao. Ukikosa nusu ya sehemu ya tatu na ya nne hata bila saa, anza na B1 Business Preliminary, ambako Kusoma na Kuandika ni karatasi moja ya saa moja na nusu, na maandishi ni maneno 30 hadi 40 na 60 hadi 80. Kabla ya kulipa, kiulize kituo chako mtihani upi unafanyika tarehe ipi.

Sina mwalimu wala vitabu. Nina simu tu. (Mfanyabiashara wa nguo, Kigoma)

Inatosha. Pakua taarifa ya mwaka ya benki kama CRDB au NMB kwa Kiingereza, fungua ujumbe wa mwenyekiti. Nakili aya tano, toa sentensi moja katika kila aya, ongeza moja ya sita kutoka ukurasa mwingine, zichanganye. Ziache siku tatu, kisha rudisha kila moja mahali pake: hilo ndilo zoezi la sehemu ya pili. Aya hizo hizo ziandike upya ukipachika "it", "of" na "them" pasipohitajika, umpe rafiki azitafute naye akutungie zake.

Kwa kuandika, chukua habari moja ya The Citizen au Business Daily kuhusu kupanda kwa bei fulani. Iandike kama ujumbe wa maneno 50 kwa wafanyakazi wako, kisha kama barua ya maneno 130 kwa anayekuuzia bidhaa. Habari ni ile ile, wasomaji wawili. Tumia kalamu na karatasi kama kituo chako kinafanyia mtihani kwenye karatasi, kwa sababu simu inakusahihishia tahajia bila wewe kujua.