Senario na stori za mtumiaji, ni kitu kimoja?

SWALI: Habari za kazi mhariri, bosi katuambia tuchore senario kabla ya kuandika kodi ya programu, sasa si zilezile stori za mtumiaji tu? Na kwenye kutesti zinasaidia nini?

JIBU: Salama kabisa. Hapana, si kitu kimoja. Stori inasema mtu anataka nini basi, senario inaonyesha nani (mtu au sehemu ya mfumo) anamtumia nani ujumbe, kwa mpangilio upi, na kipi kisitokee kabisa. Chukua lifti: mtu kabonyeza kitufe, lifti inaenda ghorofa yake, hiyo moja. Ya pili, mlango ukiwa wazi lifti isisogee hata kidogo. Hii ya pili ndo wengi wanairuka, wanachora mambo yakienda vizuri tu alafu wanashangaa programu ikizingua.

Watafiti wa kompyuta Werner Damm na David Harel mwaka 2001 walichapisha aina ya michoro inayotenganisha linaloweza kutokea na linalolazimika kutokea, na 2003 Harel na Rami Marelly wakaonyesha senario zinaweza kuendeshwa zenyewe, yaani mchoro ndo unakuwa programu (mi hapo ndo nilipenda).

Kwenye kutesti, kila senario ni testi tayari, unaendesha programu unalinganisha logi (rekodi ya yaliyotokea programu ikiendeshwa) na mchoro, na ziendeshe zikiwa pamoja maana mbili zinaweza kuwa sahihi kila moja peke yake ila zikikutana zinagombana. Msichore kila kitu lakini, anzeni na zile ambazo zikikosewa mtu anaumia au hela inapotea, skrini ya kubadili picha ya profaili iacheni kwanza.