Kwa Nini Hukuushangaa Mbuyu wa Kwetu

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama yako goti limepungua kumsumbua, ila mvua bado inatuzungusha: mawingu kila siku, maji hakuna.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jioni, nikaurudia asubuhi, nikaona hili si la kujibiwa kwa simu. Umesema mlikwenda kwenye hifadhi ya Sequoia huko California, mkasimama mbele ya ule mti wanaouita General Sherman, machozi yakakutoka mwenyewe hujui yametoka wapi, na mumeo akakucheka. Halafu ukaniuliza: "Baba, mimi nimezaliwa Kilifi, nimekulia chini ya mibuyu. Mbona kwetu sikuwahi kutetemeka?"

Kwanza mwambie mumeo aache kucheka. Mti una urefu wa karibu mita 84, shina lake chini lina upana wa mita 11, na ulikuwa umeshaota kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mtu akisimama hapo shingo humuuma, magoti yakalegea, na akili ndiyo inayofika mwisho. Hilo si jambo la kumwonea mtu haya.

Lakini hebu fikiria mlivyofika. Mmeendesha gari nusu siku, mmepanda milima, mmelipa langoni. Mmekuta uzio, kibao cha maelezo, na watu wanaonong'ona. Wamarekani waliitengea miti hiyo hifadhi tangu 1890, na moto mkubwa wa 2021 ulipoikaribia, wazima moto walilifunga shina la General Sherman kwa karatasi za alumini zinazozuia joto. Serikali inayouvisha mti nguo usiungue imeshakwambia kabla hujafika: hapa, shangaa.

Wewe na mbuyu mlikutana vipi? Mdomo umejaa. Mabuyu ya rangi nyekundu yamekutia wino ulimi na vidole, na kokwa unazitemea mchangani. Nikikupeleka Mombasa tunakaa Mama Ngina Drive, mgongo umeegemea mbuyu uliokuwapo kabla ya babu wa babu yangu, na macho yako yako kwenye mihogo ya kukaanga, kama pilipili na ndimu imetosha. Meli zikiingia Kilindini ndizo ulizozishangaa. Mti unaokulisha hauutazami, na sioni ubaya wake. Kuna miti ya kutazamwa na kuna miti ya kuishi nayo, na mbuyu watu wa huku wameuishi: majani yake mboga, unga wa tunda lake uji, magome yake kamba. Wakamba wamesokota vyondo kwa nyuzi zake miaka mingi, nao ukichunwa gome huota jingine. Siku moja pita karibu na mbuyu mkubwa uangalie ngozi yake. Utaona mikunjo na makovu ya kuchunwa, na vigingi vilivyopigiliwa na wapandaji wa zamani, vingine vimemezwa na shina mpaka imebaki ncha tu.

Sasa, kusema hukutetemeka kabisa, hapo nakukatalia. Bibi yako alikuwa akipita na wewe kwenye ule mbuyu wa njia ya kisimani saa sita za mchana, alikwambia nini? Nyamaza. Usirushe mawe. Usinyooshe kidole. Ukiona vitambaa vyeupe na vyekundu vimefungwa pale, au chupa ya marashi imeachwa shinani, usiguse, si chako. Nawe ulikuwa ukimshika kanga kwa nguvu. Ulidhani unaogopa majini, na huenda bibi mwenyewe alidhani hivyo. Mimi majini ya mbuyuni siyaamini, unanijua. Ila naamini ile hofu ilikuwa ni huo huo mtetemeko wako wa California. Kwetu tu ulikaa kwenye adabu: namna ya kupita, namna ya kunyamaza, namna ya kutogusa. Hakukuwa na mtu wa kukuambia simama hapa uinue shingo.

Ukitaka kuiona adabu hiyo ikiwa bado hai, iko kwenye makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani yetu. UNESCO iliyaorodhesha makaya ya Mijikenda kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, lakini wazee walikuwa wameshayalinda karne kadhaa kwa katazo lao wenyewe: hukati mti, huokoti hata kijiti kikavu. Hapo Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na huambiwa yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Ndani kuna mti ambao mgeni huruhusiwa kuukumbatia. Nimeona watu wazima wenye kamera za maelfu wakiukumbatia wamefumba macho, na hakuna aliyecheka. Na hapo hapo upande wa Diani, mdomoni mwa Mto Mwachema, kuna Msikiti wa Kongo, wa karne nyingi, umezungukwa na mibuyu, na Ijumaa bado watu wanaswali. Waliojenga pale hawakuona haja ya kufyeka mibuyu ndipo waswali.

Nakuambia haya yote kwa sababu nataka ujue kinachotokea hofu ile ikiondoka na uzio kama ule wa Wamarekani ukawa haujafika. Mwaka 2022, hapa hapa Kilifi, yalikuja matingatinga. Mibuyu mikubwa ilichimbuliwa mizizi, ikakatwa matawi, ikafungwa vyuma ipakiwe ipelekwe Georgia, ile nchi ya kwenye Bahari Nyeusi, ikapandwe bustanini. Wenye mashamba walilipwa. Sina ulimi wa kuwalaumu sana: mbuyu unakalia nafasi ya mistari mingi ya mahindi, na karo haingoji. Kelele zilipozidi, Rais Ruto mwezi wa Novemba aliagiza wizara ya mazingira ichunguze kibali kile kilivyotolewa. Lakini kilichonikaa mimi ni ile hali ya kuuona mbuyu umelazwa ubavuni. Mti ule haukuumbwa kuonekana upande wa chini. Wazee waliokuja kutazama walisimama mbali, mikono nyuma, na mmoja akaondoka bila kuaga mtu. Ningekuwa nawe siku ile usingeniuliza swali lako.

Umeniuliza pia mibuyu yetu ina umri gani, maana ule wenu una namba yake kwenye kibao. Mbuyu hauhesabiki kirahisi. Pete zake ni hafifu, zingine hazionekani, na mti ukizeeka hupata uwazi ndani, kwa hiyo pale ambapo ungeanzia kuhesabu hapapo tena. Wataalamu hupima kaboni ya vipande vya mti. Mbuyu wa Panke wa Zimbabwe walivyoupima ulikuwa na miaka kama 2,450, na uliporomoka kabisa kufikia 2011. Mwaka 2018 timu ya Adrian Patrut, mwanakemia wa Romania, ilichapisha kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi waliyoichunguza Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu yake kubwa imeanguka ndani ya miaka 12. Walishuku mabadiliko ya tabianchi. Mingi ya mibuyu hiyo ni ya kusini mwa bara, si ya kwetu, lakini tangu nisome habari ile nikipita kwenye mbuyu mkubwa huupapasa kwa kiganja.

Na kuhusu namba, usiziabudu. Huko huko Marekani, Nevada, mwaka 1964 mwanafunzi mmoja wa jiografia aliukata msonobari mkongwe kwa ajili ya utafiti wake, kwa ruhusa kamili ya wenye mamlaka. Walipohesabu pete zikakaribia 4,900. Kwa miti iliyojulikana umri wakati ule, huo ndio uliokuwa mkongwe kuliko yote, nao umeshalala chini. Mimi nilisomesha jiografia maisha yangu yote, na kisa hicho sikuwahi kukieleza darasani bila watoto kunyamaza wenyewe.

Kwa hiyo njooni Desemba, vuli ikijaalia. Nataka mumeo aone jambo moja ambalo General Sherman hana. Maua ya mbuyu huning'inia kichwa chini kwa kikonyo kirefu, na hungoja magharibi. Giza likianza kuingia, ganda la kijani hupasuka na petali nyeupe zilizokunjamana hujikunja kurudi juu, haraka kiasi kwamba ukitulia unaziona zikisogea. Katikati hushuka kishungi cha nyuzi kama brashi ya kunyolea ndevu. Harufu yake si ya kupaka mtu. Ni nzito, karibu na uvundo, na ndiyo inayowaita popo. Huja kimya, hunywa, hubeba chavua, huenda mti mwingine. Asubuhi ua limegeuka kahawia, na siku hiyo hiyo liko chini, mbuzi analitafuna. Mti wa mamia ya miaka na kazi yake bado ni ya usiku mmoja mmoja. Mimi hapo ndipo magoti yangu hulegea, si kwenye urefu.

Kinondo tutakwenda siku nyingine, tuondoke alfajiri kwa sababu ya foleni ya feri ya Likoni. Kaniki usihangaike nazo, tutapewa huko. Njooni na viatu vya kufunika vidole na dawa ya mbu, hii ya hapa mama yako anasema imechakachuliwa. Na mumeo mwambie mti ule wa kukumbatia yeye ataanza.

Baba yako