Kwa mnaojiunga na kundi msimu huu

Wadogo zangu, karibuni sana. Msimu huu tunacheza maigizo matatu kwa kupokezana, mawili mazito na moja la vichekesho, na waigizaji ni walewale. Ijumaa wewe ni mpiganaji wa Majimaji, mwaka 1905, katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Jumamosi ni shemeji mlafi aliyekuja kusalimia na hataki kuondoka. Kwa hiyo kukariri mistari yako tu hakutoshi. Kariri na maneno ya mwisho ya mwenzako, yale yanayokupa zamu ya kusema. Igizo likikaa wiki mbili bila kuchezwa, mistari yako utaikumbuka, ila hutajua inaingia wapi. Mchana wa siku ya onyesho tunakaa chini na kulipitia lote harakaharaka kwa mdomo. Usikose, hata kama una maneno manne.

Wageni wengi huogopa yale mazito, kumbe kazi iko kwenye vichekesho. Chukua pale shemeji anaposema, "Mimi sili sana, nionjeshe tu," huku ameshakumbatia hotipoti. Ukumbi utalipuka. Ukitoa mstari unaofuata wakati kicheko bado kiko juu, hakuna atakayeusikia, na jibu la mwenzako halitaeleweka. Ukingoja kimya kabisa, igizo limepoa. Ingia kicheko kinapoanza kushuka. Wakati unangoja usigande. Funua chakula, nusa, funika tena. Na usicheke wewe. Shemeji hajui kwamba anachekesha, ana njaa kweli. Mwigizaji anayebana sauti na kukodoa macho ili achekwe, watamcheka mara moja, basi.

Watazamaji wetu huongea na jukwaa. Mama wa Chamwino, hapa Dodoma, aliyekulia kwenye ngoma za Wagogo, ambako wanawake hupiga ngoma ya muheme na wenzao wakaitikia, hatanyamaza akiona mhusika anadanganywa. Atamwonya kwa sauti. Wapo waongozaji wasiopenda. Mimi naona ni heshima kubwa. Usimjibu nje ya igizo, wala usimfunike. Mwache amalize, kisha endelea.

Halafu kuna Dodoma yenyewe. Katikati ya mwaka upepo ni mkavu, vumbi linakausha koo, kwa hiyo kunywa maji tangu asubuhi. Mvua za Desemba zikipiga bati, usipige kelele: punguza kasi na utamke silabi za mwisho. Kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mji hujaa wageni na kumbi hugombewa, tunaweza kuhamishiwa kwingine siku hiyohiyo. Fika mapema, litembee jukwaa jipya, jua mlango unafungukia upande gani.

Maleba, yaani mavazi ya kuigizia, ya kila igizo yana begi lake. Ukivua, rudisha palepale kabla hujatoka kusalimiana na ndugu zako.