Bustani ya jangwani kabla ya machipuko: anza na udongo

Umeuliza uanze na mbegu au udongo, aisee anza na udongo, mbegu zisubiri. Chimba shimo la kama sentimita 30 ujaze maji, yakiisha jaza tena, sasa kama mpaka kesho yake bado yamesimama basi huko chini kuna lile tabaka gumu la chokaa na lazima ulivunje kwa sururu au utafute sehemu nyingine, maana mizizi haipiti na chumvi inabaki hapohapo juu. Halafu changanya mboji ya kutosha, samadi iwe imeoza kabisa kwa sababu mbichi inaunguza na inaongeza chumvi. Na majivu usiweke jamani!! Udongo wa jangwani kwa kawaida tayari una alkali nyingi, majivu yanazidisha.

Matuta ya kuinuka mi siyapendi huko, yanakauka haraka sana, bora ushushe kitalu kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi maji yakusanyike kwenye mizizi. Mwagilia taratibu na kwa kina, sio kunyunyizia juu juu kila siku.

Mipira ya dripu, ile ya kumwagilia tone kwa tone, ifungue uisafishe kabla hujapanda, chumvi huwa inaziba vile vitundu. Matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, weka ila yasiguse shina.

Nyanya ziwahishe, baridi kali ikishapita tu miche iingie, maana joto likishavuka nyuzi 35 hivi maua yanapukutika, na neti ya kivuli iwe tayari mapema.